Mama, ufunguo wa intaneti ya nyumba yako anao nani?

Mwezi huu tuweke kando kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumze juu ya kile kisanduku chenye taa zinazometa ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za Kilwa Masoko, Kivinje, Nangurukuru, Somanga na Lindi mjini. Nasema kisanduku cha waifai. Huenda utajiuliza, muuguzi na waifai wapi na wapi? Lakini akina mama ndio wanaoniuliza, baada ya kliniki na baada ya sala za jumuiya. Wanaona kwamba anayeweza kusoma karatasi ya dawa ataweza pia kusoma karatasi ya kisanduku.

Swali lao kubwa ni hili: "Dada, tumenunua kisanduku, fundi amekiunganisha, taa zinawaka, simu inasema imeunganishwa, lakini intaneti hakuna. Tumeuziwa kibovu?" Mara nyingi hamkuuziwa kibovu. Kisanduku ni kizima, ila kimepewa kazi isiyo yake, au hakikuambiwa intaneti inaingia kwa mlango gani. Mambo hayo mawili, yaani kazi ya kisanduku na mlango wa intaneti, ndiyo somo letu leo.

MASWALI MAWILI KABLA YA KUBONYEZA

Fikiria maji ya bomba. Yapo yanayotoka kwenye bomba kuu, yapo tanki la nyumbani, na yapo mabomba madogo ya jikoni na bafuni. Fundi mwema hafungi bomba la jikoni kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Na mama mwenye nyumba anataka kujua nani watayachota. Basi na wewe jiulize: Intaneti inaingia nyumbani kwangu kwa njia gani? Na nani wataitumia?

Ukishajibu, chukua simu iliyounganishwa na kisanduku, fungua sehemu ya kusomea mitandao, uandike namba iliyobandikwa chini ya kisanduku. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Utaulizwa neno la siri la kuingilia ndani ya kisanduku, kisha utakuta majina ya Kizungu ya kazi mbalimbali. Si kila kisanduku kina zote, lakini hapa nitazieleza, nikiziandika kama zinavyotamkwa.

KAZI ZA KISANDUKU

Ya kwanza ni kazi ya laini ya simu. Hii ndiyo inayotufaa wengi wetu huku pwani. Unaweka laini ndani ya kisanduku, nacho kinavuta mtandao kutoka kwenye mnara kama simu inavyovuta, kisha kinaugawa ndani ya nyumba. Kama una laini na bando tu, chagua hii. Kiweke karibu na dirisha linaloelekea mnara, si kabatini wala nyuma ya friji.

Ya pili ni raota. Chagua hii kama kampuni imekuletea waya, ama wa faiba, ama wa antena iliyofungwa juu ya paa, na hakuna kisanduku kingine kinachogawa mtandao ndani ya nyumba. Waya huo uingie kwenye tundu lililoandikwa WAN. Kisanduku kitapokea intaneti na kukipa kila chombo cha nyumbani anwani yake.

Ya tatu ni akisesi pointi. Hii ni pale ambapo tayari una kisanduku kimoja kinachogawa, nawe unataka cha pili kwa ajili ya chumba cha uani au ukumbi wa kanisa, na unaweza kuvuta waya kutoka cha kwanza hadi cha pili. Hapa wengi hukosea: wanakiacha cha pili nacho kiwe raota. Ndipo visanduku viwili vinaanza kugawa anwani, na vikiwa vyote vinatumia namba moja, tuseme 192.168.1.1, mambo yanavurugika. Mmeona katika arusi zetu, anayegawa sahani za pilau ni mmoja. Wakigawa wawili bila kuambiana, wapo watakaopata mbili na wapo watakaolala njaa. Kisanduku cha pili kikiwekwa akisesi pointi kinaacha kugawa anwani, kinabaki kufungua mlango tu.

Ya nne ni ripita. Hii haihitaji waya. Kisanduku kinasikiliza waifai ya kisanduku cha kwanza na kuirudia ili ifike mbali zaidi. Ni rahisi, lakini ina gharama yake. Mfano wake ni mkalimani wa mahubiri. Mhubiri akisema, mkalimani husikiliza. Mkalimani akisema, mhubiri hunyamaza. Na ibada ya saa moja inakuwa ya saa mbili. Ripita nyingi za bei nafuu husikiliza na kusema kwa mawimbi yaleyale, kwa hiyo kasi inaweza kupungua hata kufikia nusu. Tena usiiweke kwenye kona ambayo mtandao haufiki, maana mkalimani asiyesikia hawezi kutafsiri. Iweke katikati ya njia, mahali ambapo simu yako bado inaonyesha mtandao mzuri.

Ya tano ni klayenti. Hapa kisanduku kinapokea waifai na kuipeleka kwa waya kwenye chombo kisicho na waifai, kama kompyuta ya zamani ya ofisi ya parokia.

Ya sita huitwa hotispoti raota, na penginepo WISP. Inafaa ukiwa umepanga chumba katika nyumba yenye waifai ya wote, na unataka familia yako iwe na mtandao wake ndani ya ule mkubwa. Kisanduku kinapokea kwa hewa na kutengeneza mtandao wako wenye neno la siri lako. Ila omba ruhusa kwa mwenye mtandao. Kuvuta intaneti ya jirani kimyakimya ni sawa na kuunga bomba lako kwenye bomba lake usiku, na sisi tunaokwenda kanisani tunajua amri inasemaje.

UKUTA WA MATUMBAWE

Hapa kwetu lipo jambo moja ambalo karatasi ya kiwandani haisemi. Nyumba za zamani za Kivinje zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kweli kweli. Kuta hizo zinatuhifadhi na jua, lakini zinazuia mawimbi. Mabati nayo huyarudisha nyuma.

Visanduku vingi vya sasa vina mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 na ya 5. Yale ya 5 yana kasi lakini hayafiki mbali wala hayapendi ukuta. Yale ya 2.4 ni ya polepole zaidi, ila yanapenya vizuri zaidi. Basi katika nyumba ya matumbawe tumia 2.4 kwa vyumba vya mbali, na 5 kwa aliyekaa karibu na kisanduku. Ukuta ukiwa mnene mno, vuta waya na utumie akisesi pointi. Waya wa mita 20 utakusaidia kuliko ripita mbili.

MLANGO WA INTANETI

Baada ya kuchagua kazi, kisanduku kitakuuliza intaneti inaingiaje. Hapa usibahatishe. Muulize aliyekuuzia huduma.

Kama ni laini ya simu, kisanduku kinahitaji jina la mlango wa kampuni, liitwalo APN. Mara nyingi hulijaza chenyewe. Kisipolijaza, wapigie huduma kwa wateja wakutajie, uliandike herufi kwa herufi. Kwenye uchaguzi wa 3G na 4G, acha kijichagulie, isipokuwa kama 4G ya eneo lako ni ya kukatikakatika. Hapo jaribu 3G uone kama inatulia.

Kama ni waya, njia ni tatu. Moja ni anwani inayobadilika: kampuni inatoa anwani yenyewe, wewe hujazi kitu. Ya pili ni anwani isiyobadilika: unapewa namba kadhaa kwenye karatasi na kuzijaza zote bila kukosea hata nukta. Ya tatu ni PPPoE: unapewa jina la mteja na neno la siri. Ukichagua njia isiyo yako, taa zitawaka, simu itaungana, lakini intaneti haitakuja. Ugonjwa wa wengi wanaoniuliza uko hapa.

USIKIMBILIE KITUFE CHA RISETI

Nyuma ya kisanduku kuna kitundu kidogo cha riseti. Ukikibonyeza kwa sindano sekunde kadhaa, kisanduku kinasahau yote na kurudi kama kilivyotoka kiwandani. Watoto wa siku hizi wanakipenda. Lakini ukibonyeza bila kuwa na majina na namba zako, umejifungia nje.

Mama mmoja wa huku aliwekewa kisanduku na fundi, na fundi akaondoka na maneno yote ya siri kichwani mwake, akahamia mkoa mwingine. Siku mtandao ulipogoma, kijana wa nyumbani alibonyeza riseti. Jina la PPPoE likapotea, na fundi hapatikani. Binti wa mama huyo alikuwa katika siku za mwisho za kuomba mkopo wa elimu ya juu, na maombi hayo hufanywa kwa mtandao. Ilibidi apande bodaboda usiku hadi mjini kwa mwenye duka la vifaa vya ofisi, akamfungulia, akamaliza maombi siku ya mwisho. Mungu alisaidia. Lakini mwaka mzima wa masomo ulining'inia kwenye jina moja ambalo hakuna aliyeliandika.

Tena si kila kukatika kunatoka nyumbani kwako. Mei 2024 hatutaisahau. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, mvua zikatukumba, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika huku kwetu Kilwa. Kabla hatujapumua, tarehe 12 mwezi huohuo, nyaya mbili za baharini ziitwazo EASSy na SEACOM ziliharibika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku ile hata ungebonyeza riseti mara mia, usingepata kitu zaidi ya kupoteza mipangilio yako.

Kwa hiyo fuata utaratibu, kama tunavyofanya mgonjwa anapoletwa. Kwanza, je, umeme upo na taa zinawaka? Pili, waya umekaa kwenye tundu lake? Tatu, bando au malipo yamekwisha? Nne, majirani wa kampuni ileile wanapata? Tano, zima kisanduku, subiri dakika moja, uwashe. Sita ndipo uangalie mipangilio. Riseti iwe ya mwisho kabisa, na daftari liwe mkononi.

KUFUNGA MILANGO

Kisanduku kina maneno ya siri mawili, na wengi wanalijua moja tu. La kwanza ni la kutumia waifai. La pili ni la kuingia ndani ya kisanduku na kubadili mambo. Hili la pili likiachwa kama lilivyotoka kiwandani, mara nyingi ni neno "admin" tu, na mtu yeyote anayetumia waifai yako anaweza kukugeuzia nyumba. Badilisha yote mawili. Yasiwe namba yako ya simu wala jina la mtoto. Katika ulinzi chagua WPA2 au WPA3, na uzime kile kiitwacho WPS.

Kama kisanduku kina mtandao wa wageni, ufungue. Wageni watumie huo, na simu zenu za fedha pamoja na kompyuta zibaki kwenye mtandao wa nyumba.

Kwa dada zangu wa zahanati na vituo vya afya, jambo hili ni zito zaidi. Siku hizi taarifa za mgonjwa zinaandikwa katika kompyuta, na vituo vingi vya serikali vinatumia mfumo wa GoTHOMIS. Kompyuta yenye majibu ya vipimo vya watu isikae kwenye waifai ambayo neno lake limebandikwa ukutani kwa ajili ya wanaosubiri kwenye benchi. Tenganisheni mitandao. Siri ya mgonjwa ni kiapo chetu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inatudai tuilinde.

Nanyi mama wajawazito, nawasihi: siku ya dharura msihangaike na waifai. Namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama ni ya kupiga kawaida, haihitaji bando wala salio.

WATOTO

Sasa tuje kwenye jambo linalotukosesha usingizi. Kwa kisanduku hiki mtoto anafungua vitabu vya shule. Kwa kisanduku hikihiki anafungua picha ambazo mtu mzima angezionea haya.

Ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya intaneti au ya DHCP, kuna nafasi mbili za DNS. DNS ni kama mzee wa mtaa: ukimtajia jina la nyumba, anakuelekeza ilipo. Ukijaza 1.1.1.3 katika nafasi ya kwanza na 1.0.0.3 katika ya pili, unamweka mzee anayekataa kuelekeza watu kwenye nyumba za uchafu na za virusi vya kompyuta. Huduma hii ni ya bure, ya kampuni ya Cloudflare, ilianza mwaka 2020. Visanduku vingi pia vinakuruhusu kupanga saa, ili simu ya mtoto isipate mtandao usiku baada ya saa nne.

Lakini tusidanganyane. Mtoto akinunua bando la shilingi mia tano kwenye simu yake, mzee wetu wa mtaa hana habari. Na mtoto mwerevu anaweza kubadili DNS kwenye simu yenyewe. Kichujio kinasaidia mtoto mdogo asijikwae bila kutaka. Hakichukui nafasi ya mama wala ya baba. Mwambie binti yako mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba akikutana na kitu kibaya, au mtu asiyemjua akimwomba picha, aje kwako na hatapigwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha, na wabaya wanapenda mtoto mwenye siri. Aliyetishwa, msindikizeni polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo.

BANDO LISIISHE USIKU

Jambo la mwisho ni la mfukoni. Simu ikiungana na waifai inadhani intaneti hiyo haina mwisho. Basi usiku inaanza kupakua programu mpya na kupeleka picha zote kwenye hifadhi ya mbali, kumbe waifai yenyewe inatoka kwenye bando uliloweka jana. Fungua mipangilio ya waifai kwenye kila simu, uiambie kwamba mtandao huu ni wa kupimwa. Zima pia upakuaji wa video zinazokuja zenyewe katika makundi ya kwaya na vikoba. Hapo bando la wiki litafika Jumapili.

DAFTARI LA NYUMBA

Akina mama wenzangu, kadi ya kliniki ya mtoto tunaitunza sandukuni hata mvua ikinyesha. Chukua daftari dogo, ulitunze hapohapo, na ukurasa wa kwanza uandike mambo haya: Kazi ya kisanduku ni ipi. Intaneti inaingia kwa njia gani, na jina au namba zake. Anwani ya kuingilia ndani. Neno la siri la ndani. Neno la siri la waifai. Namba ya huduma kwa wateja. Fundi asiondoke wala asilipwe kabla ukurasa huo haujajaa, nawe umejaribu mwenyewe kuingia mbele yake.

Kisha keti na baba wa nyumba, msome pamoja. Yeye ajue, nawe ujue. Nyumba ambayo ufunguo wake anao fundi, au kijana wa kidato cha tatu peke yake, haina mwenyewe. Yule mwanamke mwema wa Mithali sura ya 31 aliangalia mwenendo wa watu wa nyumbani mwake, tangu taa hadi sufu. Naamini angekuwa Kilwa leo, na hiki kisanduku angekiangalia.

Mungu azilinde nyumba zenu.